Waya Ukikatika, Itakuwaje?

Projekti za mwaka wa mwisho zina fasheni yake kila kipindi. Kulikuwa na miaka ya kumwagilia bustani kwa simu, ikaja miaka ya kufungua mlango kwa alama ya kidole. Sasa ni zamu ya vyombo vya umeme: baiskeli, pikipiki iliyotolewa injini ikafungwa mota, bajaji ya mizigo inayochajiwa kwa sola. Mimi nafurahi. Mafuta ni ghali, moshi wa mjini tunaumeza kila siku, na kama kuna watu wanaopaswa kujaribu mambo haya ni sisi ambao bado tuna muda, karakana na walimu wa kuwauliza. Lakini kuna swali moja ambalo projekti hizi haziulizwi na wasimamizi, wala majaji wa maonyesho, wala sisi wenyewe tunaozijenga. Chombo chako kikikosea, kitakosea kwa namna gani, na nani ataumia?

Ninachodai katika makala haya ni kidogo tu. Swali hilo lipewe alama zake kwenye projekti zetu, kama ripoti na uwasilishaji vinavyopewa.

Tuanze na kitu kinachopatikana kwenye karibu kila pikipiki ya umeme, yaani mkono wa mafuta (tunaendelea kuuita hivyo ingawa mafuta yenyewe hayapo). Ndani yake kuna sumaku na sensa ndogo. Zinatoka nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5, wa pili ni eathi, wa tatu unapeleka ishara kwenye kontrola. Usipozungusha, ishara inakaa karibu na volti 1. Ukizungusha mpaka mwisho, inafika karibu na 4. Kontrola inasoma namba hiyo na kuipa mota nguvu kulingana nayo. Ni saketi rahisi ambayo hata mtu wa mwaka wa kwanza anaielewa, na siku ya maonyesho inafanya kazi vizuri kabisa.

Sasa tuseme waya wa eathi umekatika. Hilo si jambo la ajabu, kwa sababu waya huo unapita shingoni mwa usukani, unakunjwa kila unapokata kona, na barabara zetu mnazijua. Wengi wakiulizwa watasema ishara itashuka kuwa sifuri na pikipiki itazima. Sivyo. Eathi ikikosekana, ishara inapanda kuelekea volti 5. Kontrola ya bei rahisi, au ile ambayo programu yake uliiandika mwenyewe usiku wa kuamkia maonyesho, inaona namba kubwa na kuelewa kwamba mwendeshaji amekaza mpaka mwisho. Mtu yuko kwenye foleni nyuma ya daladala, mkono hajaugusa, na pikipiki inaondoka naye.

Linganisha na pikipiki ya petroli ya kabureta. Kebo ya mafuta ikikatika, springi inafunga mlango wa hewa na injini inarudi kwenye sailensa. Hakuna aliyeandika programu yoyote hapo. Usalama huo umo ndani ya springi, uliwekwa na wahandisi wa zamani, na sisi tumeurithi bila hata kujua kwamba upo. Tunapong'oa injini na kufunga mota, tunaing'oa na springi ile. Kazi yake lazima mtu aifanye upya, na mtu huyo ni mbunifu wa chombo.

Na inawezekana, tena bila gharama kubwa. Mistari michache ya programu inatosha kuiambia kontrola kwamba ishara iliyo chini sana au juu sana kuliko kawaida si amri ya mwendeshaji bali ni hitilafu, kwa hiyo ikate nguvu. Ongeza swichi kwenye mkono wa breki inayozima mota kwa njia yake yenyewe, bila kusubiri ruhusa ya programu. Magari ya kisasa yanakwenda mbali zaidi: pedali ya mafuta ina sensa mbili zinazotoa volti tofauti kwa mkanyago uleule, na kompyuta inazilinganisha muda wote. Zikipingana, gari linapunguziwa nguvu, linajikongoja mpaka kwa fundi.

Taaluma inayoshughulika na mambo haya tunaweza kuiita usalama wa utendaji. Haiahidi kwamba kitu hakitaharibika. Inaanza kwa kukubali kwamba kitaharibika, kisha inataka ujue mapema kitakuwa kwenye hali gani kikisha haribika. Kwa magari, kiwango chake kikuu ni ISO 26262, kilichotoka mwaka 2011 na kuboreshwa mwaka 2018, safari hiyo kikaongezwa sehemu ya pikipiki. Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Wahandisi wameuchukua msemo huo wakaugeuza kuwa juzuu kumi na mbili.

Kiini chake ni maswali matatu ambayo mbunifu anajiuliza kwa kila hitilafu. La kwanza, ikitokea, watu wataumia kiasi gani? La pili, mazingira ambayo hitilafu hiyo ni ya hatari hutokea mara ngapi katika matumizi ya kawaida? La tatu, dereva au watu waliopo wanaweza kuidhibiti? Majibu yakiunganishwa yanatoa daraja, kuanzia A hadi D. Hitilafu inayoweza kuua, katika mazingira ya kila siku, na ambayo karibu hakuna awezaye kuidhibiti, inapata D na inadai kazi kubwa kuliko zote. Jibu moja likishuka ngazi moja, D inakuwa C, na kazi inayodaiwa inapungua.

Hapo kwenye swali la pili na la tatu ndipo penye jambo linalotuhusu sisi. Majibu yake hayatoki maabara. Yanatoka barabarani, na barabara hazifanani. Kabla sijafika kwetu, ngoja nitoe mfano wa watu waliojibu kwa kudhani.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku anasukuma baiskeli. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilimaliza uchunguzi wake Novemba 2019. Kilichomo kila mwanafunzi wa uhandisi angepaswa kukijua.

Rada ya gari ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Gari lilikuwa kwenye kasi ya kama kilomita 70 kwa saa, kwa hiyo lilikuwa na zaidi ya mita 100 za kufunga breki. Lakini programu haikujua ni nini kile inachokiona. Mara ikakiita gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ilipobadilisha jina ilifuta kumbukumbu ya mahali kilipotoka, ikashindwa kutabiri kinakokwenda. Kisha, ilipotambua kwamba kuna hatari, ilikuwa imepangwa isubiri sekunde moja kabla ya kuchukua hatua, ili gari lisiwe linashtuka na kufunga breki kwa vitu visivyokuwepo. Mfumo wa breki za dharura wa Volvo yenyewe ulikuwa umezimwa wakati kompyuta ya Uber inaendesha. Matumaini yote yalibaki kwa mwangalizi aliyekaa nyuma ya usukani, naye alikuwa anatazama kipindi kwenye simu.

Katika mambo yote hayo, lililonigusa zaidi ni hili: mfumo ule haukuundwa kufikiria kwamba mtu wa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Hakuna waya uliokatika wala sensa iliyokufa. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyopangwa, na aliyepanga alikuwa amedhani watu wote wanavuka kwenye zebra. Kasoro ya namna hii, ambapo chombo kizima kabisa kinaua kwa sababu mbunifu hakuyajua mazingira yake, ndiyo iliyofanya kitengenezwe kiwango kingine, ISO 21448, kilichokamilika mwaka 2022.

Hebu sasa wazo hilo la kuvuka kwenye zebra lilete Kariakoo saa kumi na moja jioni. Nani anavuka kwenye zebra? Barabara ni ya mkokoteni, ya mama mwenye beseni kichwani, ya wanafunzi wa shule ya msingi walioshikana mikono, ya muuza maji anayekimbilia dirisha la daladala. Mhandisi wa Arizona anaweza kuandika kwamba mtu katikati ya barabara ni tukio la nadra. Mhandisi wa hapa akiandika hivyo atakuwa anadanganya, kwa sababu kwetu hayo ndiyo mazingira ya kawaida. Hitilafu ileile, chombo kilekile, na daraja la hatari linapanda.

Na swali la tatu je, la kudhibiti? Kule mtu anapiga picha ya mwendeshaji mmoja, mwenye mafunzo, kofia ngumu kichwani. Hapa mnajua mishikaki: dereva, abiria wawili, na pengine gunia katikati. Pikipiki hiyo ikivuta ghafla kwa nusu sekunde, dereva ana nafasi gani ya kuituliza? Nasema wazi kwamba simlaumu dereva. Mbunifu anayejua mishikaki ipo halafu anafanya hesabu za mtu mmoja, amebuni chombo cha nchi nyingine.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema vyombo hivi vimeshathibitishwa nje, kwa hiyo sisi tufunge tu, sikubaliani naye. Njia ya kufikiri tunaweza kuichukua kutoka popote. Majibu hatuwezi kuyaagiza kwa kontena.

Kuna mtego mwingine ambao kwenye projekti zetu unaonekana kama suluhisho. Ukimuuliza mtu chombo chake kitafanya nini kikipata hitilafu, jibu la haraka ni kwamba kitazima. Kuzima si sawa na kuwa salama. Betri nyingi tunazounda zina kifaa cha usimamizi, BMS, kinachokata umeme seli moja ikishuka sana au ikipata joto kupita kiasi. Ni sahihi, maana seli ya lithiamu ikichemka inaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Lakini kikikata ghafla wakati bajaji iko katikati ya makutano ya Mwenge na lori linakuja nyuma, umeokoa betri. Watu waliomo bado wako hatarini. Chombo kilichofikiriwa vizuri kinatoa onyo mapema, kinapunguza nguvu kidogo kidogo, kinamwachia dereva muda wa kusogea pembeni, na ndipo kinakata.

Hata makampuni makubwa yamekwama hapa. Tarehe 2 Oktoba 2023, mjini San Francisco, mtembea kwa miguu aligongwa na gari lililokuwa likiendeshwa na mtu, akarushwa mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise. Teksi ikamgonga na kusimama. Kisha ikafanya ilichofundishwa kufanya baada ya ajali: isogee pembeni, isizibe njia. Ikasogea kama mita 6, na yule mtu akiwa chini yake. Alinusurika na majeraha makubwa. Baada ya wiki tatu jimbo la California lilisimamisha vibali vya Cruise vya kuendesha magari bila dereva, na Desemba 2024 General Motors ilitangaza kuacha kugharamia biashara hiyo ya teksi. Kusogea pembeni ni wazo zuri kabisa, ila kuna swali moja lililopaswa kutangulia: kuna mtu chini ya gari?

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa kwenye korido na kwenye vimbweta. Wapo wanaosema haya ni mambo ya matajiri, kwamba viwango vyenyewe vya ISO vinauzwa kwa bei ambayo boom halifiki, na kwamba tukiweka masharti mengi tutaua ubunifu kabla haujazaliwa. Wapo pia wanaosema bodaboda za petroli zinaua watu kila siku, kwa hiyo ya umeme haiwezi kuwa mbaya zaidi.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Hakuna anayetegemea kikundi cha wanafunzi wanne kitimize ISO 26262 yote. Hata makampuni yanahitaji idara nzima. Ila maswali matatu niliyoyataja hayauzwi. Karatasi na kalamu vinatosha. Tena kipindi cha bei rahisi kuliko vyote cha kurekebisha hatari ni pale chombo kikiwa bado mchoro. Kubadilisha mchoro ni kufuta mstari. Kubadilisha pikipiki ambazo tayari ziko mikononi mwa vijana waliokopa kuzinunua ni kilio.

Na kuhusu ubunifu, tuwatazame majirani. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Leo kuna kampuni, Kiira Motors, inayounda mabasi ya umeme ya Kayoola. Safari kutoka gari la maonyesho hadi basi lililobeba abiria haipitiki kwa ujanja wa kufanya mota izunguke peke yake. Mtu anayetaka projekti yake iishi baada ya mahafali atakutana na swali la usalama tu, akitaka asitake. Bora akutane nalo hapa chuoni, ambapo kukosea kunagharimu alama.

Hoja ya pili naikataa. Dereva wa bodaboda anazijua hatari za petroli. Anasikia injini ikibadilika sauti, ananusa mafuta yakivuja, na fundi wa kijiweni kwake ana uzoefu wa miaka. Hitilafu ya programu haina harufu. Askari akikagua chombo kwa ajili ya stika ya Nenda kwa Usalama anaweza kuona tairi lililoisha na taa iliyokufa, lakini macho yake hayawezi kuona kwamba ishara ya volti 5 itasomwa kama amri. Aliyeandika programu ndiye pekee anayejua, na siku ya ajali hatakuwepo.

Hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine. Kwenye ajali ya Tempe, waendesha mashtaka waliamua kwamba kampuni haina kosa la jinai. Mwangalizi wa gari ndiye aliyeshtakiwa, na Julai 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha na kupewa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi. Alikuwa na kosa lake, simtetei. Lakini NTSB iliandika pia kwamba kampuni haikuwa na taratibu za kutosha za kupima hatari za usalama, na kwa hilo hakuna aliyesimama kizimbani. Kwetu itakuwaje? Pikipiki imevuta yenyewe, abiria amekufa, dereva amepona. Ataeleza kwamba hakugusa mkono wa mafuta. Nani atamwamini? Tumeshazoea kusikia sentensi moja baada ya kila ajali: chanzo ni uzembe wa dereva. Kijana yule atafungwa kwa kosa la mtu aliyepata A kwenye projekti.

Ndiyo maana napendekeza mambo mawili, na yote mawili yanaweza kuanza semista ijayo bila kusubiri bajeti.

La kwanza ni ukurasa mmoja. Kila projekti ya chombo kinachotembea, au chenye betri kubwa, iwe na jedwali la safu nne: nini kinaweza kuharibika, chombo kitafanya nini, nani atakuwa karibu wakati huo, na tumefanya nini kuhusu hilo. Safu ya tatu isijazwe ukiwa bwenini. Nendeni kijiweni mkawaulize madereva wanabeba nini, wanapita wapi mvua ikinyesha, wanachajia wapi, na nani anawatengenezea vyombo vikiharibika. Wao ndio wanaojua majibu ya swali la pili na la tatu.

La pili ni la siku ya maonyesho. Chombo kiinuliwe, matairi yawe hewani, kisha jaji aruhusiwe kuchomoa waya wowote wa ishara anaoutaka. Mota ikinyamaza kwa utaratibu uliouandika kwenye jedwali, upate alama zako. Tairi likianza kuzunguka kwa kasi, wote tutakuwa tumejifunza na hakuna aliyeumia. Kumi katika mia zinatosha, kwa sababu sisi wanafunzi tunajijua: kisichokuwa na alama hakisomwi.

Kwenye maonyesho yaliyopita nilimuuliza mwenzangu mmoja, mwenye pikipiki nzuri kweli, waya wake wa eathi ukikatika itakuwaje. Akaniambia hauwezi kukatika, wameufunga vizuri. Ni mtu mwenye akili kunizidi, na aliyoyasema ndiyo wengi wetu tungesema, kwa kuwa miaka minne yote tumeulizwa kama kitu kinafanya kazi. Wawakilishi wa kitivo wapeleke pendekezo hili kwenye kikao cha idara. Na wewe ambaye projekti yako iko mezani sasa hivi usiwasubiri. Inua tairi, chomoa waya, uone.